"Wanaenda Kuhesabiwa": Safari ya Desemba ya Moshi, Kutoka Treni ya Mjerumani Mpaka Coaster ya Ukoo

Ikishafika Desemba 20 utani unaanza upya. Foleni za Dar zimepungua, duka la Mangi pale mtaani lina kufuli, fundi wako wa gari hapokei simu, na kila ukifungua Insta unakutana na sentensi moja: "Wachaga wameenda kuhesabiwa." Wachaga wenyewe wanacheka, wanaposti picha wakiwa Mombo wanakula, halafu safari inaendelea.

Utani mzuri, hatuna shida nao. Ila wengi tunaoutania hatujui safari hii ilianzaje. Hata vijana wengi wa Kichaga waliozaliwa Sinza, Mbezi au Tabata wanajua tu kwamba "ni lazima twende". Kwa nini lazima? Na kwa nini miaka ya karibuni unaziona tena Coaster za ukoo, watu wamevaa fulana zinazofanana, nyuma yao kuna pickup inavuta tela limejaa viti na masufuria, wakati kila mmoja angeweza kukata tiketi yake ya basi?

Jibu fupi ni hili: kila zama za safari ya Moshi zilikuwa na chombo chake, na kila chombo kiliamua nani anafika nyumbani na nani anabaki mjini. Treni iliamua. Basi liliamua. Na gari binafsi ndilo limeamua kwa ukali kuliko vyote. Twende taratibu.

Kabla ya gari kulikuwa na kihamba

Huwezi kuielewa safari bila kuelewa kihamba. Kihamba ni shamba la nyumbani: migomba juu, kahawa chini yake, ng'ombe bandani, mfereji wa maji ukipita pembeni, na nyumba katikati. Siyo eneo la kununua na kuuza tu kama kiwanja cha Goba. Ni mahali ambapo babu alizikwa, na baba yake babu pia. Mipaka yake mara nyingi inalindwa na masale, ule mmea wenye majani marefu ambao Wachaga wanautumia pia kuombana msamaha.

Kwa desturi, kitinda mimba ndiye anayebaki kwenye nyumba ya wazazi. Wakubwa wanapewa sehemu nyingine, au wanatoka kwenda kutafuta. Na hapo ndipo hesabu ilipoanza kugoma. Mlima haukui. Ardhi ya kule juu, yenye mvua na udongo mzuri wa volkano, iligawanywa kwa watoto, ikagawanywa tena kwa wajukuu, mpaka ikabaki vipande vidogo. Kijana aliyekosa nafasi alishuka tambarare, akaenda Moshi mjini, Arusha, Tanga, Mombasa, Nairobi au Dar. Alienda kusoma, kuajiriwa au kufungua duka.

Lakini alipoondoka hakufutwa. Jina lake lilibaki pale, sehemu yake ya kuzikwa ilibaki pale. Ili jina liendelee kuwepo, ilibidi aonekane. Kuonekana, na watoto wako wakajulikana kwa sura na majina, ndiko utani unakokuita kuhesabiwa.

Treni ya Mjerumani na pesa ya kahawa

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, wakati wa Wajerumani. Haikujengwa ili mtu aende kumsalimia bibi. Ilijengwa kubeba mazao kupeleka bandarini. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, Waingereza wakaunganisha reli kutoka Voi upande wa Kenya, kupitia Taveta mpaka Kahe. Ghafla Moshi ikawa na milango miwili ya baharini: Tanga na Mombasa.

Mzigo mkubwa wa mlima ulikuwa kahawa. Wamisionari Wakatoliki wa Kilema waliileta mwishoni mwa karne ya 19, na wakulima wa Kichaga wakaichukua wakaifanya yao. Walowezi hawakufurahi kuona Mwafrika analima zao lilelile na kuuza sokoni. Wakulima wakajipanga: mwaka 1925 wakaanzisha chama chao, KNPA, Joseph Merinyo akiwa kiongozi wake. Mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, mojawapo ya vyama vikuu vya ushirika vikongwe zaidi Afrika.

Kwa nini hii ina maana kwenye stori ya usafiri? Kwa sababu pesa ya kahawa ndiyo iliyolipa karo. Karo ikazaa makarani, walimu, manesi na mapadre. Na hao ndio waliopangiwa kazi mbali na nyumbani. Kahawa iliyompa mtoto elimu ndiyo hiyohiyo iliyomwondoa kijijini. Kwa hiyo tangu mwanzo kulikuwa na watu wanaohitaji kurudi, wana kipato kidogo cha nauli, na wana likizo moja ndefu: Krismasi. Mlima ulikuwa umejaa makanisa, Walutheri Machame na Marangu, Wakatoliki Kilema, Kibosho na Rombo, kwa hiyo tarehe haikuhitaji kujadiliwa.

Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba kwa miaka mingi treni ya moja kwa moja kutoka Dar kwenda Moshi haikuwepo. Reli ya Kati na reli ya Tanga zilikuwa mistari miwili isiyokutana. Ziliunganishwa mwaka 1963, kwa kipande cha kutoka Ruvu mpaka Mnyusi. Kabla ya hapo mtu wa Dar alilazimika kuunga safari kwa barabara, au azunguke kupitia Tanga.

Baada ya 1963, behewa likawa kijiji. Wazee wanaosimulia zama hizo hawaanzi na mandhari. Wanaanza na majina: nani alikaa wapi, nani alibeba kuku, nani alikutana na mchumba wake kituo cha Korogwe. Treni ilikuwa na daraja la tatu, hivyo karani na mfagizi wa ofisi ileile walifika stesheni ya Moshi siku moja, saa moja. Mmoja amelala kitandani, mwingine amekaa kwenye benchi la mbao, lakini wote wamefika.

Lori lililovalishwa bodi

Kutoka stesheni kwenda juu mlimani ilikuwa habari nyingine, na huko ndiko basi la kwanza la Mchaga wa kawaida lilikofanya kazi. Tukisema basi usifikirie kioo kikubwa na kiyoyozi. Mabasi mengi ya Afrika Mashariki kwa miongo mingi yalikuwa malori. Mfanyabiashara ananunua chesisi na injini, anapeleka kwa mafundi, mafundi wanachomelea mbavu za chuma, wanaweka mabati, wanafunga benchi, juu wanaweka keria kubwa ya mizigo na ngazi nyuma. Tayari, basi.

Hilo gari lilikuwa na akili ya mlima. Springi ni za lori, kwa hiyo mashimo na matope linayaweza. Juu kwenye keria kulipanda magunia, ndizi, majogoo, vitanda na magodoro. Ubaya wake ulikuwa hukohuko juu: mzigo mzito kwenye paa, kona za mlimani, na breki zilizokuwa zinalaumiwa kila baada ya ajali.

Kwa safari ndefu za mikoani, serikali ilikuja na shirika lake la mabasi, KAMATA. Wapo pia watu binafsi waliopambana na mabasi yao. Stendi ya Dar ilikuwa katikati ya jiji, Kisutu, baadaye ikahamia Ubungo, na tangu 2021 ni Mbezi Luis. Ukitaka kujua umri wa mtu bila kumuuliza, muulize alipandia wapi basi la Moshi.

Miaka ya kubana

Halafu mambo yakabana. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, KNCU ikiwemo, na mkulima wa kahawa akapoteza chombo alichokizoea. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka na Kenya ukafungwa, ukaja kufunguliwa 1983. Kwa mtu wa Rombo hilo halikuwa habari ya redioni. Kuna watu walikuwa na kazi Mombasa au Nairobi, na nyumbani wanaweza kuona taa za upande wa pili.

Ikafuata vita ya Kagera ya 1978 na 1979, mafuta yakawa shida, spea hazipatikani. Kuna kipindi magari binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili mchana ili kubana matumizi ya petroli. Ukiwa na gari miaka hiyo ulikuwa na bahati na mzigo kwa pamoja: tairi unatafuta miezi, betri unaazima.

Ndiyo zama ambazo watu walijifunza kusafiri kwa kuchangishana. Mtu mmoja wa ukoo mwenye pickup ya ofisi au lori la kampuni akipata safari ya Kaskazini, taarifa inasambaa bila simu. Wanapanda watu, zinapanda debe za mafuta ya taa, sabuni, sukari, vitu ambavyo kijijini vilikuwa adimu. Safari inaandaliwa wiki kadhaa: mafuta yanawekwa akiba kidogokidogo, tairi la spea linaombwa kwa jirani. Hakuna aliyeuliza nani ana gari la nani, kwa sababu karibu wote hawakuwa nalo.

Ruksa, Noah na aibu mpya

Kuanzia katikati ya miaka ya 80 biashara ikaanza kufunguliwa, na zama za Mzee Mwinyi, "Ruksa", zikaleta bidhaa. Kwenye miaka ya 90 na 2000 magari yaliyotumika Japani yakaanza kumwagika bandarini. Hiace, Coaster, Corolla, baadaye Noah. Wakati huohuo mambo mawili yalianguka. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa unalinda bei ya kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka, na wengi wakaanza kung'oa mibuni. Na treni ya abiria ya Moshi ikasimama miaka ya 90.

Fikiria hapo kidogo. Chombo cha watu wote kimekufa, chombo cha mtu mmoja mmoja kimezaliwa. Ndiyo safari ya Desemba ilivyobadilika sura.

Kabla ya hapo ulifika kijijini ukitokea stesheni au stendi, vumbi sawa na wenzako. Sasa unafika na namba za gari. Watoto wanakimbilia gari kabla hawajakukimbilia wewe. Wazee kanisani wanajua nani kaja na nini. Stori za magari ya kukodi kila Desemba unazijua: bosi mmoja wa mjini, jina kapuni, anachukua ndinga ya bei mbaya kwa wiki mbili ili kijijini waseme katoboa, Januari anarudi kupanda mwendokasi. Tunacheka, ila hiyo aibu inafanya kazi pande zote mbili. Anayejikweza anaonekana. Asiyekuja haonekani, na hakuna anayemuuliza.

Kuna kaka mmoja wa Rombo, naye jina kapuni, anauza vifaa vya simu Kariakoo. Alikaa miaka sita bila kupanda nyumbani. Siyo kwamba alikosa nauli ya basi. Binamu zake wote walikuwa na magari, na yeye hakutaka kushuka Himo na begi mgongoni halafu apande bodaboda mbele ya watu aliocheza nao utotoni. Aliporudi ilikuwa kwenye msiba wa baba yake. Watoto wake wawili, mmoja yuko darasa la nne, hawakujua shangazi yao ni yupi kati ya wanawake waliokuwa jikoni.

Sasa huyo ndiye mtu ambaye hakuhesabiwa. Na wapo wengi.

Coaster inarudisha ukoo

Hii ndiyo sababu kurudi kwa Coaster ya kukodi siyo fasheni tu. Ni ile behewa ya zamani imerudi na matairi.

Angalia Coaster yenyewe ilivyo. Kule Japani ilikuwa inabeba wafanyakazi wa hoteli, watoto wa chekechea au wazee. Ikifika Bongo inaingia gereji, viti vinapangwa upya, vinaongezwa vile vya kukunja katikati ya njia, juu inawekwa keria, na maandishi ya Kijapani mlangoni yanabaki palepale. Hiace nyingi zimepitia makubwa zaidi: zilikuja zikiwa za mizigo, pembeni bati tupu, mafundi wakakata madirisha na kufunga viti. Kwa hiyo ukoo unapokodi, unakodi gari ambalo limeshabadilishwa maisha mara moja au mbili. Uzuri wake, nafasi ipo na bei inagawanyika. Ubaya wake, kila badiliko lilifanywa na mtu, na hujui alikuwa makini kiasi gani.

Maandalizi mazuri yanaanza wiki tatu kabla, na yanaanza na orodha ya majina. Grupu la wasapu la ukoo linatengeneza orodha ya kila mtu wa Dar, siyo ya waliolipa. Halafu ndiyo mchango unapangwa: mwenye uwezo analipia siti mbili au tatu, mwanafunzi analipa kidogo, asiye na kitu anapewa kazi ya kusimamia mizigo. Aliyelipia siti ya mwenzake hatajwi kwenye grupu. Hiyo kanuni ndogo ndiyo imewarudisha wengi.

Baada ya majina, gari. Usikubali maneno ya mwenye gari kwamba "iko fiti". Mpeleke fundi wenu, mchana kweupe. Aangalie:

Matairi. Ubavuni kuna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka lilipotengenezwa. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri na bado limezeeka. La spea nalo likaguliwe, pamoja na jeki na spana zake.

Breki na kupoza injini. Mnapanda kutoka usawa wa bahari mpaka vijiji vilivyo zaidi ya mita 1,000 juu, na mtashuka tena na mzigo wa ndizi. Pedi, mabomba ya breki, rejeta na mkanda wa feni viangaliwe vyote.

Viti. Inama, shika bolti zilizofunga viti kwenye sakafu. Kiti kilichoshikiliwa na bati jembamba hakimshikilii mtu gari likigonga. Vigoda vya katikati vikunjwe, visikaliwe. Mkiwa 34 kwenye gari la 28, tafuteni gari la pili.

Njia ya kutokea. Mlango wa dharura ufunguke kweli, mtungi wa kuzimia moto usiwe umeisha muda, na nyundo ya kuvunjia kioo iwepo. Mizigo isizibe njia.

Dereva. Wawe wawili, wenye leseni ya daraja la kubeba abiria, na waliolala usiku uliopita. Gari liwe na bima ya abiria na kibali cha LATRA cha safari hiyo.

Tela nalo lina heshima yake

Kwenye tela ndiko kuna sherehe: turubai, viti vya plastiki, masufuria makubwa, jenereta, spika, mchele, mafuta ya kula, na ile friji ambayo bibi ameahidiwa tangu mwaka juzi. Kuna wanaochomelea chuma nyuma ya Coaster na kulifunga hapo. Fundi anayejielewa atawakatalia. Gari lililojaa watu lina kazi ya kutosha kusimama lenyewe. Tela livutwe na pickup au Land Cruiser ya mtu wa ukoo, lifuate nyuma.

Mambo yake ni machache ila hayana mjadala. Liwe na namba zake, liwe na taa za nyuma zinazowaka mkikanyaga breki, na liwe na mnyororo wa akiba pale linapofungwa, ili chuma kikichomoka lisiondoke lenyewe. Mzigo mzito ukae juu ya ekseli ukiegemea mbele kidogo. Mkiuweka nyuma kabisa, tela linaanza kuyumba mkifika mwendo wa barabara kuu, na likishaanza ni shida kulituliza. Na asipande mtu juu yake, hata iwe ni kilomita mbili za mwisho, hata awe ni dogo anayesema amezoea.

Barabara yenyewe mnaijua: Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga, Himo. Tochi zipo kila palipo na makazi, mwendo ni 50. Pale Himo ndipo koo zinapoachana: wa Marangu, Mamba, Mwika na Rombo wanakunja kulia kupanda, wengine wananyoosha kwenda Moshi, halafu Uru, Kibosho, Machame na kuendelea. Desemba ni mwisho wa vuli, udongo mwekundu wa mlimani ukilowa unateleza kama sabuni. Wenye busara wanaliacha tela na Coaster pale lami inapoishia, mizigo inapandishwa kidogokidogo na pickup, na watu wanatembea. Kutembea huko ndiko wazee wanakokupenda, maana kila geti unasalimia.

Bei ya haraka

Hapa tuwe wakweli. Juni 28, 2025, eneo la Sabasaba, Same, basi kubwa na Coaster viligongana na kuwaka moto. Coaster ilikuwa na watu wanaoenda harusini. Zaidi ya watu 35 walifariki. Taarifa za awali zilitaja tairi la mbele la basi kupata hitilafu. Watu wale walikuwa wanafanya kitu kilekile tunachokizungumzia hapa, kwenda kuwa pamoja kwenye jambo la familia.

Kwa hiyo orodha ya juu hatukuiweka ili kujaza ukurasa. Mabasi ya usiku yalizuiwa kwa karibu miaka 30 kwa sababu ya ajali na usalama, yakaruhusiwa tena 2023. Ruhusa ipo, lakini gari la ukoo halina haja ya kukimbizana na usiku. Ondokeni alfajiri, mle Mombo mchana, mfike jua lipo. Na kama gari mlilopata linatia shaka, mabasi ya kawaida yapo, na treni ilirudi Moshi Desemba 2019 baada ya takriban robo karne. Ni ya polepole, lakini behewa lipo, na watu wanaweza kukata tiketi za kundi wakakaa pamoja kama babu zao.

Kwa hiyo wanaenda kuhesabiwa kweli?

Ndiyo. Baada ya misa na ndafu, baada ya mbege kuzunguka na mtori wa asubuhi, kwenye nyumba nyingi kuna kikao. Siku hiyo ndipo inapoulizwa mtoto wa nani amefaulu na karo anatoa nani. Mpaka wa kihamba unaonyeshwa kwa wajukuu, masale haya ni ya kwetu, yale ni ya baba mkubwa. Wasichana nao siku hizi wanauliza sehemu yao, na sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 iko upande wao. Makaburi yanafagiliwa. Majina yanatajwa.

Asiyekuwepo anatajwa pia, mwaka wa kwanza kwa maswali, mwaka wa pili kwa kuguna, mwaka wa tatu anapitwa. Hakuna aliyekaa kumfuta. Kiti chake tu hakikuwepo kwenye gari lolote.

Behewa la daraja la tatu lilikuwa na kiti cha kila mtu kwa sababu serikali ilikiweka. Siku hizi kiti hicho kinawekwa na ukoo wenyewe, kwa kuchangishana, kimyakimya. Kabla hamjalipia keki na fulana mwaka huu, fungueni ile orodha mhesabu nani hajaonekana tangu lini, halafu mmpigie simu. Asiandikiwe kwenye grupu. Apigiwe simu, aambiwe, "Siti yako ipo, tunaondoka saa kumi na moja alfajiri, njoo na watoto."

Haya wadau, uwanja ni wenu. Kwenu mnapandaje Desemba: basi, treni, Noah au Coaster ya ukoo? Na wewe usiyetoka Moshi, kwenu kuna kuhesabiwa? Tukutane kwenye koment, na jina la mtu weka kapuni.